Kila Mtu Alijua Kinyonga Wangu Yuko Tayari

Mjomba wangu alimtazama kinyonga wangu mara moja tu, kutoka getini, bakora kwapani, akatoa hukumu.

"Huyu amenenepa, yuko tayari kupandwa," alisema.

Hakuingia hata uani. Nilimuuliza amejuaje.

"Abti," alinijibu, maana kwetu mjomba na mpwa huitana kwa neno hilo hilo moja, "mimi nimeuza mbuzi tangu kabla mama yako hajaolewa. Leo uniulize mimi nimejuaje?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza.

Mimi ni fundi wa nguo hapa mtaa wa Iftin, mjini Garissa. Nashona sare za shule kwenye baraza la nyumba yangu. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hivyo mtu akisema jambo kwa sauti kubwa huwa nadhani analijua. Kisomali ndicho cha nyumbani, lakini kalamu nilifundishwa kuishika kwa Kiswahili, na nikijaribu kuandika Kisomali naona kama natumia mkono wa kushoto. Ndiyo sababu naandika hivi, na nitakapokosea nisamehewe. Nitajaribu kumtendea haki kila mtu, hata wale walionikasirisha. Na wamenikasirisha sana.

Kinyonga nilimpata siku vibarua walipokuwa wakikata mathenge, ile miti ya miiba, nyuma ya ukuta wangu. Alianguka pamoja na tawi, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, na mmoja wao akainua panga. Nikapiga kelele. Nilipomwokota kwa mkono mtupu wote wanne walirudi nyuma, kwa sababu huku wengi wanaamini kinyonga ana sumu. Hana. Ana kucha tu, na hasira.

Nilimjengea kibanda cha neti kuukuu ya mbu barazani, pale pale kwenye simiti, kando ya cherehani, nikamjazia matawi ya mwarobaini. Nilikuwa nafagia sakafu yake kila asubuhi na nikijisifu kwa usafi huo. Kisha namtoa, namweka kwenye mhina ulio kando ya ukuta ajitafutie nzi mpaka jua liwe kali. Panzi nilimtafutia mwenyewe. Maji nilimnyunyizia kwa chupa ninayotumia kulowesha nguo nikipiga pasi, naye alikuwa akilamba matone kwenye majani, moja moja, bila haraka, kama mtu anayesoma barua.

Mwalimu wa biolojia wa shule moja ninayoishonea sweta ndiye aliyeniambia kwamba ni jike. Alikuja kuchukua mzigo, akamwona, akasahau mzigo. Alimweka kiganjani akamwinua mkia.

"Angalia hapa, Mama. Dume huwa amevimba kwenye shina la mkia, halafu nyuma ya mguu ana kijiba kama kucha. Huyu hana. Ni bibi huyu."

Yeye alikuwa na dume shuleni, la chama cha sayansi. Alisema chama kina kibali. Karatasi yenyewe sikuiona, kwa hivyo siwezi kusema ipo au haipo. Na wangu hana karatasi yoyote, nalikiri hilo. Tangu siku hiyo mwalimu akawa na ndoto moja. Alitaka watoto wa kinyonga kwa maonyesho ya sayansi, na alikuwa ameshamwahidi mkuu wa shule kabla hajaniuliza mimi, sembuse kumuuliza kinyonga.

"Ana miezi mingapi?" aliniuliza.

"Tangu nimwokote, saba. Kabla ya hapo sijui."

"Basi amepita. Simu inasema miezi sita inatosha."

"Simu ilimwona wapi?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania. Kila Ijumaa nilikuwa nampima kwa utepe wangu wa ushonaji, kutoka puani mpaka mkia unapoanzia, na kila Ijumaa alikuwa ameongezeka kidogo. Alikuwa bado anajichuna ngozi mara kwa mara. Mtu anayeshona sare anajua jambo hili bila kufundishwa: mtoto anayerefuka huwezi kumkatia nguo ya kumbana ukasema hiyo ndiyo saizi yake. Kwa hiyo niliamini bado. Nilikuwa na sababu zangu na nilikuwa nazo tayari mdomoni. Lakini mmoja ana digrii, mwingine ana miaka arobaini sokoni, na mimi nina utepe.

Siku ya kumleta dume ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya Alasiri. Mwalimu alikuja na katoni yenye matundu. Mjomba naye alikuja, hakuna aliyemwita, akavuta kiti akakaa kama shahidi wa nikaha.

Dume alipotolewa kwenye katoni, juu ya kijiti, jike wangu alikuwa tawini, rangi ya kijani kama majani mapya. Walikuwa mbali, hatua tano hivi. Alimwona kwa jicho moja. Nami nikaona giza likianza shingoni mwake na kushuka ubavuni mpaka akawa mweusi kama mkaa uliolowa, na juu ya weusi huo madoa ya manjano yakajitokeza moja baada ya jingine. Akafungua kinywa wazi. Akaanza kuyumba, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na akatoa sauti ya pumzi kali ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mjomba aliinuka kitini. Kwa sababu ya mwalimu alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, tazama fizuri! Hii nataka mume! Naita yeye!"

"Amekasirika," nilisema.

"Amekasirika nini?" Sasa aligeukia Kisomali na mimi. "Mbuzi jike akiwa na hamu hutulia? Hulia, hutikisa mkia, hata majani hali, huzunguka boma zima. Huyu anatikisika mwili mzima, na mdomo wazi, unaniambia amekasirika! Abti, wewe shona."

Hilo la wewe shona lilinichoma, lakini niseme ukweli: kuhusu mbuzi hakudanganya. Nimelelewa na mbuzi. Ndivyo wanavyofanya. Mtu wa kwetu akimwona jike hatulii, mkono unakwenda wenyewe kumfungua beberu. Nikamtazama mwalimu, nikitumaini yeye, mwenye kitabu, ataniunga mkono.

"Mzee ana uzoefu, Mama," alisema. "Na rangi imebadilika. Kubadilika rangi ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Ya… msisimko."

Nikasema, "Basi mweke."

Maneno hayo ni yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Ningeweza kufunga neti na kusema kibanda ni changu, mnyama ni wangu, nendeni. Sikusema.

Dume alipanda tawini akitikisa kichwa. Jike hakungoja afike. Alimrukia, kama kinyonga anaweza kuruka, akamng'ata mguu wa mbele, na dume akajinyonga kujitoa, na wote wawili wakaning'inia kwa mikia. Kisha jike akaachia, akaanguka kwenye simiti. Nilisikia alivyotua. Ni sauti ndogo sana, kama kifungo kikubwa kimedondoka. Nilimng'oa dume nikamrudisha kwenye katoni.

Mjomba alikuwa anacheka mpaka kikofia kimekaa upande. "Bibi harusi mkali huyu! Wallahi, kama shangazi yako!"

"Tokeni," nilisema.

"Unanifukuza mimi, abti?"

"Nyote. Tokeni uani kwangu."

Mwanamke kumfukuza mjomba wake mbele ya mgeni ni jambo ambalo litasemwa Garissa hii mpaka nizeeke. Lisemwe.

Siku nne zilizofuata hakula. Panzi alipita mbele ya pua yake akamtazama tu. Rangi haikurudi kijani, ilibaki ya matope. Mchana alikuwa anafumba macho, na hilo kinyonga mzima halifanyi. Kibaya zaidi, alishuka chini. Alizunguka sakafu ya simiti kona kwa kona, akikwaruza kwa miguu ya mbele, akisimama, akikwaruza tena. Nilidhani amevunjika kitu ndani. Nilidhani tumemuua, na nikahesabu makosa: la mjomba, la mwalimu, na langu, na kila nilipohesabu langu lilitoka kubwa, kwa sababu mimi ndiye niliyejua.

Mjomba alipita siku ya tatu. Hakuwa amesahau kufukuzwa ila alikuwa na kanzu ya kurekebishwa. "Mwache," alisema. "Ni mdudu. Atakufa au hatakufa."

Siku ya nne nilimpigia simu mwalimu. Sikumwamkia. Nilisema, "Anakufa, njoo." Na lazima niandike hili, kwa kuwa nimemsema vibaya na bado nitamsema: alikuja kwa pikipiki saa ya chakula cha mchana, hakula, alilala kifudifudi kwenye simiti na shati lake jeupe akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa. Safari hii hakutoa simu kwanza. Kisha akampapasa tumbo kwa ncha ya kidole.

"Mama, lete kidole chako. Hapa. Unasikia?"

Nilisikia vitu vya mviringo chini ya ngozi, vingi, vimepangana kama njegere kwenye ganda lake.

"Ni mayai," alisema.

"Ya dume lako?"

"Hapana. Siku nne hazitoshi kabisa. Mayai haya ni ya wiki nyingi. Ama alikutana na dume wa porini kule kwenye mhina, ama ameyatunga peke yake, kama kuku anavyotaga bila jogoo. Hutokea." Akatazama zile kona alizokuwa akikwaruza. "Anatafuta udongo, Mama. Anataka kuchimba na hapa ni simiti. Asipotaga yatamuua."

Nilikaa chini. Simiti yangu niliyokuwa nikiifagia! Mjomba aliona unene akasema yuko tayari, na unene ulikuwa mayai. Mwalimu aliona rangi akasema msisimko, na rangi ilikuwa inasema nimeshajaa, ondoka. Mimi niliona hasira, na hapo nilipatia, lakini nilisema ni kwa sababu bado mdogo, na hata nilipokuwa nikimpima kila Ijumaa sikujua ndani yake mna nini. Watu watatu tulisimama mbele ya mnyama mmoja tukibishana kama yuko tayari kubeba, naye ameshabeba, anatuambia kwa mwili wote, kwa rangi mbili, kwa mdomo wazi. Mtu afanye nini zaidi ili asikilizwe?

Mwalimu alichukua debe langu la kuwekea vitambaa, akavimwaga, akakimbia nalo kwa pikipiki mpaka mtoni. Alirudi limejaa mchanga. Tuliulowesha mpaka ukawa unashikana ukiufinya, tukashindilia, nikatoboa tundu kwa mkasi kumwonyesha mahali pa kuanzia. Kisha nikamweka ndani na kufunika debe kwa leso ili asituone. Mwalimu alilazimika kurudi darasani. Mimi nilibaki.

Sikushona. Mteja mmoja alikuja kwa ajili ya sketi nikamwambia cherehani imeharibika, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasikiliza. Kwanza hakukuwa na kitu, na kutokuwa na kitu kulidumu mpaka nikaanza kusoma dua, nikaona aibu kusoma dua kwa ajili ya kinyonga, nikaendelea. Halafu nikasikia kucha kwenye mchanga. Kidogo, kimya, tena. Adhuhuri ikapita, nikasali mkekani pale pale karibu na debe. Nilipochungulia kwa pembe ya leso alikuwa ametoweka wote, mkia tu uko nje. Nilipochungulia tena alikuwa amegeuka, kichwa juu, mwili ndani ya shimo, macho yametulia, na tumbo likisukuma.

Alitoka baada ya Alasiri, amejaa mchanga mpaka kope, amekonda kama gunia lililomwagwa. Hakuondoka. Alirudisha mchanga kwa miguu ya nyuma na kuukanyaga, akaukanyaga tena, kazi ya mtu anayejua. Ndipo akapanda ukingo wa debe. Nilimnyunyizia maji akanywa kwa muda ambao sijawahi kumwona akinywa. Nililia kidogo. Hakuna aliyeniona.

Sasa sikia walivyosema.

Mjomba alifika kesho yake kuchukua kanzu, akaona debe, nikamweleza. Akapiga bakora chini kwa furaha. "Si nilikwambia yuko tayari? Nilimwona kutoka getini!"

Na mwalimu, yule yule aliyelala kwenye simiti, alikuja Ijumaa na karatasi. Aliomba mayai yaandikwe kuwa mradi wa shule, dume wa shule na jike wa jamii.

"Dume wa shule amefanya nini?" nilimuuliza. "Amefanya nini zaidi ya kung'atwa? Ulisema kwa kinywa chako, siku nne hazitoshi!"

"Najua, Mama."

"Basi unaandika nini hapo?"

Aliikunja karatasi mara mbili. "Mkuu wa shule ananingoja," alisema, kwa sauti ndogo, na nikaona kwamba naye ana mtu wa kumwambia wewe fundisha tu. Nilimhurumia. Karatasi sikuiruhusu. Debe nililisogeza kivulini nikakataza mtu kulitikisa. Mwalimu alisema mayai yakiwa na uhai hukaa karibu mwaka, na kama hayana basi ni mchanga tu. Mpaka leo sijui ni lipi.

Baada ya msimu wa mvua mwalimu alirudi na katoni. Mjomba alikuwapo, siku hizi anakuja kunywa chai kwangu kana kwamba sikumfukuza, nami namtilia sukari kana kwamba sikumfukuza. Safari hii nilitoa amri mimi. Mwalimu asimame getini, katoni ifunikwe, ifunuliwe nikisema. Jike wangu alikuwa juu ya mhina.

"Funua."

Dume alionekana. Jike akamgeuzia jicho. Nilingoja giza lianze shingoni, halikuanza. Alibaki kijani, nathubutu kusema alizidi kung'aa. Mdomo amefunga. Hakuyumba. Alitembea taratibu juu ya tawi, mkia umelegea, akasimama, akatembea tena, kama mtu anayekwenda dukani bila haja kubwa.

"Mbona amelala huyu?" mjomba aliguna. "Hamtaki."

"Mzee, hivyo ndivyo anavyokubali," mwalimu alinong'ona. "Anayekataa ndiye anayecheza. Anayetulia ndiye aliye tayari. Nimesoma vizuri safari hii, Mama, wallahi nimesoma."

Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa naona mwenyewe. Kisha nilikwenda kwenye mhina, nikamshusha, nikampima, si kwa utepe, kwa kidole. Mifupa ya nyonga ilikuwa nje. Shina la mkia limekuwa jembamba. Nyuma ya macho, mahali palipokuwa pamejaa, palikuwa na mabonde mawili. Mwili ulikuwa bado haujarudi kutoka kule debeni.

"Hapana," nilisema. "Rangi imekubali. Mwili bado."

Mwalimu alipandisha sauti, na hakuwahi kunipandishia. "Mama, alipokataa ulisema mweke! Leo amekubali mwenyewe unamkatalia! Sasa ni nani hasikilizi?"

Nilimgeukia mjomba kwa hasira ambayo haikuwa yake peke yake.

"Abti, kiangazi unamfanya nini beberu wako?"

"Namfunga kamba tumboni asipande. Kila mtu anajua."

"Na majike wakimtaka?"

"Wamtake. Wakibeba wamekonda, watazaa wakiwa mifupa, nitapoteza mama na mtoto. Nangoja wanenepe."

"Na huyu?"

Alimtazama kinyonga mkononi mwangu. Alimtazama kweli kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu nimwokote; alisogea, akanyoosha kidole cha kupapasia migongo ya mbuzi, akakishusha pale juu ya nyonga kwa sekunde moja, akakiondoa kama ameungua.

"Amekonda," alisema. Kisha, kwa kuwa ni yeye, "Lakini ni mdudu."

Mwalimu alifunika katoni. Hakuaga vizuri, na simlaumu, maana alichoniuliza hakikuwa cha kijinga. Inawezekana nimemnyima mnyama kitu alichokitaka kwa sababu ya kosa langu la mwanzo. Inawezekana nimemwokoa. Nilimrudisha kwenye mhina nikasimama nikimtazama wakati dume akibebwa kuelekea barabarani. Jike wangu alibaki kijani, jicho moja kwenye katoni, mpaka geti likafungwa. Hilo nalisema pia, ingawa haliniungi mkono.